Kodi ndani ya kodi: bodi ya bustani ni yetu pia

Anayepiga kura Illinois mwezi wa Aprili, katika mwaka usiogawanyika kwa mbili, hukabidhiwa karatasi isiyo na majina ya wakubwa. Hakuna rais, hakuna gavana, hakuna seneta. Kuna meya na madiwani, bodi ya shule, bodi ya maktaba, na huko chini, kabla karatasi haijaisha, majina matatu manne ya watu wanaoomba kuwa makamishna wa bustani. Mara nyingi wagombea ni sawasawa na nafasi zilizopo, kwa hiyo washindi wanajulikana kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Wanafunzi huipita Aprili hiyo wakiwa na mitihani kichwani. Majirani zetu waliohamia hapa kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania huipita wakiwa kazini.

Sisi tunasema karatasi hiyo inatuhusu kuliko nyingine nyingi. Wasemaji wa Kiswahili wa mji huu tunazitumia bustani kila wiki na kuzilipia kila mwezi, lakini meza inapoamuliwa nani acheze wapi, saa ngapi na kwa bei gani, hatupo. Tena tunasema, ingawa wenzetu wawili wa klabu hawakubali na tutafika kwenye hoja zao, kwamba vyombo hivi visivunjwe wala visimezwe na halmashauri za miji.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Tukitafsiri neno kwa neno tungepata "wilaya maalumu", na darasani tafsiri hiyo ilianguka papo hapo. Mtu wa Tanga akisikia wilaya anamwona mkuu wa wilaya ametoka kwenye gari lenye bendera. Neno lililo karibu zaidi ni mamlaka, kama Mtanzania anavyosema mamlaka ya maji: chombo chenye kazi moja, mipaka yake, hesabu zake na bodi yake. Tofauti ni mbili, na ndizo zinazotuhusu. Mamlaka ya maji huishi kwa bili ya maji, lakini mamlaka ya bustani ya Illinois hutoza kodi. Halafu, bodi ya mamlaka ya maji huteuliwa, ilhali bodi ya bustani, nje ya Chicago, huchaguliwa na wakazi wenyewe. Makamishna hawalipwi mshahara. Sheria ya jimbo inakataza.

Marekani nzima ina mamlaka za kazi moja zaidi ya 38,000. Zipo za zimamoto, za maji, za maktaba, za makaburi. Illinois ina hata mamlaka za kupambana na mbu, jambo ambalo mtu wa Pwani hawezi kulibeza. Lakini kwa bustani, Illinois ndiyo nyumbani kwa mtindo huu: zaidi ya mamlaka 300, kuanzia vitongoji vya Chicago hadi miji midogo iliyozungukwa na mashamba ya mahindi. Ile ya Peoria, ya kwanza jimboni, iliundwa mwaka 1894.

Kwa nini watu walitaka chombo cha pembeni badala ya kuacha kazi hiyo kwa meya? Jibu ni fedha. Penye chungu kimoja, mwaka mbaya ukifika, polisi hawapunguzwi, wazimamoto hawapunguzwi, barabara inazibwa viraka, na kinachobaki bila kupaliliwa ni bustani. Mwalimu wa kuogelea ndiye wa kwanza kuambiwa asije Jumatatu. Mamlaka ya bustani ina mstari wake kwenye bili ya kodi ya majengo, na fedha ya mstari ule haiwezi kuhamishwa na diwani aliyezidiwa na gharama za mafuta ya magari ya jiji. Huko California, mwaka 1934, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wapiga kura wa upande wa mashariki wa ghuba ya San Francisco walikubali kujitoza kodi ili waanzishe mamlaka ya bustani ya eneo lao. Watu wenye njaa ya kazi walisema ndiyo, kwa sababu walijua fedha ile itakwenda kwenye vilima walivyokuwa wanaviona kwa macho na si kwenye mfuko usio na jina.

Kuna tunda jingine la mtindo huu ambalo tungependa lisifiwe zaidi. Mwaka 1970, vitongoji vya kaskazini mwa Chicago viliunganisha nguvu kuunda shirikisho la michezo na burudani kwa watu wenye ulemavu. Mji mmoja mdogo una watoto wachache wasioona au wenye usonji, hauwezi kuajiri mwalimu wa kila mmoja; miji kumi ikishikana inaweza. Sheria ya Illinois inaruhusu mamlaka kutoza kodi maalumu ya kazi hiyo, isiyozidi asilimia 0.04 ya thamani ya kodi ya nyumba. Tupige hesabu. Nje ya kaunti ya Cook, thamani ya kodi ni theluthi ya bei ya soko. Nyumba ya dola 180,000 inahesabiwa 60,000, na asilimia 0.04 yake ni dola 24 kwa mwaka, tukiacha misamaha. Kwa dola 24 za kila nyumba mtoto wa kiti cha magurudumu anapata kambi ya kiangazi. Kama fedha hiyo ingepita kwenye bajeti ya jumla ya jiji, tunatilia shaka kama ingefika salama.

Sasa tuje kwenye neno kodi.

Kiswahili kimetufanyia jambo ambalo Kiingereza hakikufanya. Kwa Mtanzania, kodi ni ile anayoitoza serikali, na kodi pia ni ile anayompa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Mkenya anazitenganisha, ya serikali anaiita ushuru na ya nyumba anaiita kodi, na kwenye mikutano ya klabu hili limewahi kuzua kicheko na mkanganyo kwa dakika kumi nzima. Lakini tunadhani Mtanzania, bila kukusudia, amesema kweli kuhusu Illinois. Kodi ya majengo anailipa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anapopanga kodi ya chumba huwa ameshaitazama bili ile. Wachumi hubishana ni kiasi gani hasa kinamfikia mpangaji. Kwamba kinamfikia, hawabishani sana. Aliyepanga vyumba viwili mtaa wa pili kutoka uwanja wa mpira analipa kodi ndani ya kodi.

Wenye ndugu Tanzania watakumbuka Agosti 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia mita za umeme za LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Wapangaji walikuja juu: mita naitumia mimi, nyumba si yangu, mbona kodi ya baba mwenye nyumba inakatwa kwenye umeme wangu? Serikali ikajibu kwamba wapangaji wakubaliane na wenye nyumba wao. Ubishi ule ulitufikia hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Ulikuwa na faida moja: kila mpangaji aliiona kodi ikikatwa, siku na saa. Hapa Illinois bili ya kodi ya majengo huorodhesha kila chombo kwenye mstari wake, shule, jiji, maktaba, bustani, lakini bili hiyo inakwenda kwa mwenye nyumba. Mpangaji haioni hata mara moja. Anaambiwa tu kwamba mwaka huu kodi imepanda.

Na kwa kuwa haioni, anaweza kutendewa kama mgeni kwenye kitu anachokilipia. Mwaka jana tulitaka kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, pamoja na familia za mjini, chini ya banda la bustani lenye meza na jiko la kuchomea nyama. Mamlaka hii hatutaitaja jina. Ina bei mbili, ya wakazi na ya wasio wakazi, na hilo ni halali. Sheria inaruhusu, na lina mantiki, maana asiyelipa kodi ya hapa alipe zaidi mlangoni. Tatizo lilikuwa ushahidi. Leseni zetu za udereva zina anwani za wazazi. Mama mmoja Mkongo aliyejitolea kukodi kwa niaba yetu, mwenye watoto wanne katika shule za mji, alikuwa amepanga nyumba ambayo maji na umeme vimo ndani ya kodi, kwa hiyo hakuwa na bili yoyote yenye jina lake. Alipeleka mkataba wa upangaji. Dirishani akaambiwa mkataba hautoshi. Tulilipa bei ya wageni, karibu mara mbili, kwa kukaa chini ya banda ambalo mama yule amelichangia kila mwezi tangu afike. Kijana wa dirishani alikuwa mpole na alifuata karatasi aliyopewa. Karatasi ile iliandikwa na mtu mwenye nyumba, akiwafikiria wenye nyumba.

Mpira wa Jumapili ndio shida kubwa zaidi, na kwenye mpira tuna hasira zaidi kuliko kwenye nyama choma. Vijana wetu hucheza bila ligi. Wanafika kumi, wanafika thelathini, wanagawana timu papo hapo: wenye shati na wasio na shati. Uwanja ukiwa mtupu wanaingia. Ikija timu yenye kibali wanatoka. Hilo ni haki. Lakini viwanja vyote vizuri vina kibali wikiendi nzima, na kupata kibali kunataka orodha ya wachezaji na anwani zao, cheti cha bima, na malipo ya msimu mzima yanayofanywa mapema, wakati baba anayefanya kazi ya zamu kwenye kiwanda hajui Jumapili ijayo atakuwa wapi. Mchezo usio na katibu wala mweka hazina hauna pa kujiandikisha. Ukiuliza nani hucheza hivyo katika mji huu, utawakuta Wakongo, Wameksiko, Waguatemala na wanafunzi wa nje. Hakuna aliyekaa akaamua kuwafukuza. Kanuni zinatosha kufanya kazi hiyo.

Mwenzetu mmoja anasema: basi hii ndiyo sababu ya kuvunja mamlaka hizi. Hoja yake tunaieleza kwa haki kadiri tuwezavyo. Illinois ina vyombo vya serikali za mitaa karibu 7,000, vingi kuliko jimbo lingine lolote. Mkazi mmoja anaweza kuwa chini ya vyombo kumi kwa wakati mmoja, kila kimoja na bodi, mwanasheria, mkaguzi na tovuti yake. Nani ana muda wa kuvifuatilia? Ukimya huo ndio unaowafaa wachache wenye muda. Bustani zikiwa idara ya jiji, anasema, meya atawajibika, na meya watu wanamjua kwa sura. Wabunge wa jimbo nao wana wasiwasi huohuo: sheria ya mwaka 2022 ilizitaka mamlaka zinazotoza kodi, isipokuwa miji na kaunti, kuunda kamati ya kujichunguza ufanisi, ikutane angalau mara tatu, iandike ripoti kwa kaunti, na zoezi lirudiwe kila baada ya miaka kumi.

Hoja ya mwanasheria na mkaguzi tunaikubali. Mamlaka mbili zinazopakana hazina haja ya kuwa na mashine mbili za kupanga mishahara. Lakini kuhusu meya hatukubali, na ushahidi wetu ni Chicago.

Chicago iliunganisha mamlaka 22 za bustani kuwa moja mwaka 1934. Makamishna wake, ambao leo ni saba, wanateuliwa na meya. Ni chombo kikubwa, chenye bustani zaidi ya 600 na ekari zaidi ya 8,000, na ufuo wa ziwa ambao tunauonea wivu. Lakini mwaka 1982 Wizara ya Sheria ya Marekani iliipeleka mahakamani kwa madai ya ubaguzi: vifaa bora, majengo na walimu wa michezo vilikwenda kwenye mitaa ya Wazungu, huku mitaa ya Weusi na ya Walatino ikipata mabaki. Mwaka 1983 pande mbili zikaafikiana chini ya usimamizi wa mahakama, na mamlaka ikabanwa ipeleke fedha mitaa ile iliyoachwa nyuma. Hatusemi kuunganisha ndiko kulikoleta ubaguzi. Miaka 15 kabla ya muungano ule, Julai 1919, kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikufa majini baada ya kupigwa mawe kwa sababu alielea hadi upande wa ufuo uliodhaniwa ni wa Wazungu, na jiji likawaka siku kadhaa. Ubaguzi ulikuwepo kabla na ulikuwepo baada. Tunachosema ni kwamba meya anayejulikana kwa sura hakuuzuia. Wakazi wa mitaa ile hawakuwa na kamishna waliyemchagua ambaye wangeweza kumng'oa Aprili. Ilibidi waje watu wa Washington.

Mfano wa pili wa Chicago unatugusa kwa njia nyingine, na tunajua utawaudhi baadhi ya wasomaji wetu. Mwaka 2018 mamlaka ya bustani ilikabidhi jiji ekari 19.3 za Jackson Park, bustani ya kihistoria upande wa kusini, ili Kituo cha Rais Obama kijengwe. Jiji likaipa taasisi ya Obama haki ya kutumia eneo hilo kwa miaka 99, kwa dola 10. Wenye asili ya Kenya miongoni mwetu tunakipenda kituo hicho kama chochote kinachomhusu mwana wa mtu wa Kogelo. Huenda ni jambo jema kwa mitaa ya kusini. Lakini jiulize: meya alikitaka, makamishna wote ni wateule wa meya, nani alikuwa na nafasi ya kusema hapana, au hata kusema ndiyo kwa masharti? Wapinzani ilibidi waende mahakamani. Bodi inayochaguliwa ingeweza kukubali vilevile, ila ingebidi ieleze kwa nini mbele ya watu watakaoihukumu kwa kura.

Tukilitazama jambo hili tunaikumbuka Nairobi ya 1989, Wangari Maathai alipoandika barua baada ya barua kupinga ghorofa la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Alimwandikia kila mtu, kwa sababu hakukuwa na bodi ya bustani ya kuandikiwa. Waliopanga kulijenga na waliopaswa kuilinda bustani walikuwa serikali ileile. Alishinda, lakini kwa gharama ya kutukanwa bungeni, na si kila mji una Wangari.

Kwa upande mwingine, jina la mamlaka peke yake halisaidii kitu. Agosti 2014 wapiga kura wa Seattle waliidhinisha mamlaka ya bustani yenye uwezo wa kutoza kodi. Bodi yake ni nani? Ni madiwani walewale wa jiji, wakiwa wamebadilisha kofia. Fedha ikapatikana, na hilo si dogo, lakini mkazi hakupata mtu mpya wa kumwuliza.

Minneapolis inatupa picha tunayoipenda zaidi. Bodi yake ya bustani ilianzishwa mwaka 1883, na leo ina makamishna tisa wa kuchaguliwa. Mwaka 2016 bodi na jiji walikubaliana mpango wa miaka 20 wa kukarabati bustani za mitaani, na badala ya kuangalia nani analalamika kwa sauti kubwa, wakaweka vigezo vya kupanga foleni: hali ya umaskini na ya rangi za wakazi wa mtaa, hali ya vifaa vyenyewe, na kadhalika. Mtaa wenye watoto wengi maskini na uwanja mbovu unatangulia, hata kama hakuna aliyeandika barua. Hili ndilo bodi inaweza kufanya ikiwa na fedha yake na ikibanwa na wapiga kura wake. Tungependa kila mamlaka ya Illinois iwe na foleni ya namna hiyo, imebandikwa mahali watu wanaiona.

Kuna tatizo moja ambalo hata bodi bora hailimalizi, na mwenzetu wa pili amelishikilia kama kupe. Kodi ya majengo huchota pale palipo na majengo ya thamani. Mji ambao nyumba zake ni za dola 600,000 kwa wastani, na mji ambao nyumba zake ni za dola 100,000, wakitoza kiwango kilekile, wa kwanza unapata mara sita kwa kila nyumba. Ndiyo maana kitongoji kimoja kina bwawa la ndani lenye mabomba ya kuteleza na kingine kina bembea mbili, moja imekatika mnyororo. Mipaka ya mamlaka imechorwa kufuata utajiri, au utajiri umeifuata mipaka. Vyovyote, imekaa hivyo. Mwenzetu anataka fedha ya bustani itoke serikali ya jimbo na igawanywe kwa idadi ya watoto. Tunamuunga mkono kwa nusu. Fedha ya jimbo iongezwe kwenye miji maskini, ndiyo, lakini isichukue nafasi ya kodi ya mtaa. Anayelisha mbuzi kutoka Springfield hatajua mbuzi amelala njaa siku ngapi, na bajeti ya jimbo hili ina historia yake: kuanzia 2015 hadi 2017 Illinois ilikaa miaka miwili bila bajeti kamili kwa sababu gavana na wabunge hawakuelewana, vyuo na mashirika ya huduma yakayumba. Mamlaka za bustani ziliendelea kukata nyasi, kwa kuwa kodi yao ilikuwa ikiingia bila kupitia huko.

Basi tunataka nini? Hatutaki mapinduzi. Tunataka mkataba wa upangaji ukubaliwe dirishani kama ushahidi wa ukazi, bila bili ya umeme. Tunataka kila wikiendi uwanja mmoja mzuri, si ule wenye mashimo, uachwe bila kibali kwa saa kadhaa, na saa hizo zibandikwe langoni. Tunataka fomu ya msamaha wa ada, ambayo ipo lakini iko kwa Kiingereza kizito cha kiofisi, itafsiriwe kwa Kifaransa, Kihispania na Kiswahili. Hiyo ya Kiswahili tutaifanya wenyewe bure; walimu wetu wataikagua, tumeshawaomba. Na tunataka foleni ya ukarabati kama ya Minneapolis. Hakuna hata moja kati ya haya inayohitaji bunge. Yote yako ndani ya uwezo wa watu watano au saba wanaokutana jioni moja kila mwezi, mara nyingi mbele ya viti vitupu.

Hapa inabidi tuseme jambo kwa uzito wake, kwa sababu makala hii itasomwa nje ya klabu pia. Asiye raia asijiandikishe kupiga kura, hata mfanyakazi wa ofisi ya leseni akimuuliza kwa upole kama anataka. Mwenye kadi ya kijani akijiandikisha au akipiga kura anaweza kupoteza uraia anaouomba, na hata kufukuzwa nchini. Mama yetu wa banda hawezi kupiga kura wala kugombea. Analipa, watoto wake wanacheza, na kwa miaka mitano au zaidi atakuwa mtu wa kuamuliwa na wengine. Sisi tuliozaliwa hapa, au tulioapa uraia na wazazi wetu, tuna kura ambayo yeye hana, na kwa kawaida tunaweza kuipiga kwa anwani ya hapa chuoni baada ya kukaa siku 30. Anayeishi bweni la chuo cha umma ana hoja dhaifu zaidi ya kodi, maana ardhi ile hailipi kodi ya majengo. Lakini wengi huhamia nyumba za kupanga mjini kadiri miaka ya masomo inavyosonga, na hapo wanaingia kwenye hesabu kama kila mtu. Mwenye kutaka kugombea awe mpiga kura wa eneo hilo na awe ameishi hapo mwaka mzima. Tunaye mmoja au wawili wenye sifa hizo kwa Aprili 2027. Majina hatuyataji kwa sasa, ila mwenyewe anajijua.

Kwa kusema, hata hivyo, kura haihitajiki. Sheria ya mikutano ya wazi ya Illinois inampa mtu yeyote, raia au si raia, nafasi ya kuzungumza mbele ya bodi kwa utaratibu uliowekwa. Rasimu ya bajeti ya mamlaka ya bustani lazima iwekwe wazi siku 30 kabla ya kupitishwa, na kikao cha kusikiliza maoni kifanyike. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lipo, limefunguliwa, halina msomaji. Mama wa banda amekubali kuja kuzungumza, kwa Kiswahili, mmoja wetu atafsiri. Amesema atakuja na mkataba wake wa upangaji mkononi na barua za shule za watoto wote wanne. Mkutano unaanza saa moja jioni, Jumatano ya pili ya mwezi ujao. Daftari la kuandika majina ya watakaokwenda liko juu ya meza ya chai, na gari la kwanza lina nafasi tatu bado.